Wasomaji Wauliza: Nani Arithi Sura Iliyofutwa?

Toleo lililopita liligusia, kwa aya moja tu, habari ya Doctor Who, tamthilia ya BBC ya Uingereza inayomhusu msafiri wa nyakati aitwaye Daktari, ambayo ilianza kurushwa tarehe 23 Novemba 1963 na ambayo sehemu zake nyingi za miaka ya mwanzo zilifutwa. Aya hiyo imeleta barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka, na kwa kuwa maswali yenyewe ni ya maana, safu nzima ya leo nimeitoa kwayo. Nimeyafupisha bila kuyabadili maana.

Swali: Mhariri, nilidhani shirika kubwa kama BBC lingekuwa la kwanza kutunza kazi zake. Iliwezekanaje watu wenye akili timamu wafute vipindi vyao wenyewe, na hasara yake ni kubwa kiasi gani?

Ndugu msomaji, tuanze na hasara. Misimu sita ya kwanza, ambayo yote ilikuwa ya picha nyeusi na nyeupe, ilikuwa na sehemu 253 za takriban dakika 25 kila moja. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba filamu za sehemu tisa zilizodhaniwa kupotea zimepatikana Nigeria, na hata baada ya neema hiyo zilibaki sehemu 97 ambazo hakuna aliyejua picha zake zilipo.

Sababu inaeleweka zaidi ukiutazama utepe wenyewe. Utepe wa video wa wakati ule ulikuwa na upana wa inchi mbili na bei yake ilikuwa kubwa mno, na sifa iliyowapendeza wahandisi kuliko zote ni kwamba uliweza kufutwa ukarekodiwa kitu kingine. Mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka ya kurudia kipindi hewani, kwa hiyo kipindi kilichokwisha kuonyeshwa hakikuonekana kuwa na kazi tena, na watu wa kawaida hawakuwa na mashine za kutazamia kanda majumbani mwao. Kisha rangi ikaingia, BBC2 mwaka 1967 na BBC1 mwaka 1969, na kila kilichokuwa cha nyeusi na nyeupe kikaanza kuhesabiwa kuwa kimepitwa na wakati. Ni kweli kwamba sehemu nyingi zilikuwa zimenakiliwa kwenye filamu ya milimita 16 ili ziuzwe ng'ambo, lakini nakala hizo nazo ziliharibiwa haki za mauzo zilipomalizika, kwa kuwa hapakuwa na idara hata moja iliyokabidhiwa jukumu la kuhifadhi kila kitu. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 1978. Nakala zilizookoka ni zile zilizokuwa mbali na makao makuu, katika vituo vilivyonunua vipindi na kutovirudisha: hadithi ya The Tomb of the Cybermen, kwa mfano, ilirudi ikiwa kamili kutoka Hong Kong mwishoni mwa mwaka 1991.

Swali: Nimetazama kipande cha katuni cha Fury from the Deep, hadithi ya Doctor Who iliyopotea, nikashangaa kuona midomo ikienda sambamba na maneno. Kama picha zilifutwa, sauti imetoka wapi, na wachoraji wanajuaje nani alisimama wapi?

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu jibu lake lina watu wa kuwashukuru. Sauti imetoka kwa watazamaji. Katika miaka ya 1960 walikuwako vijana waliokipenda kipindi hiki kiasi cha kukaa mbele ya televisheni kila Jumamosi na kinasa sauti cha utepe, wengine wakiweka maikrofoni mbele ya spika na kuwaomba wazazi wanyamaze, wengine wakiunganisha waya moja kwa moja kwenye seti. Hawakuagizwa na mtu, wala hawakujua kwamba picha zitafutwa. Kwa juhudi zao, hakuna hata sehemu moja kati ya zile 97 ambayo sauti yake haikuokoka. Baadaye mafundi, na wa kutajwa zaidi ni Mark Ayres, walilinganisha nakala mbalimbali, wakachagua iliyo safi kwa kila dakika, wakaondoa mikwaruzo, na kupata sauti inayoweza kubeba picha mpya.

Kuhusu nani alisimama wapi, wachoraji wana mashahidi kadhaa, na hakuna hata mmoja anayejitosheleza. Wa kwanza ni miswada ya kamera, ambayo huonyesha ni kamera ipi ilipiga picha ipi na mwigizaji alitakiwa aingilie mlango gani. Wa pili ni John Cura, mpiga picha aliyebuni biashara yake mwenyewe ya kupiga picha kioo cha televisheni wakati kipindi kikiwa hewani na kuwauzia waigizaji na watayarishaji waliotaka ukumbusho wa kazi zao, maana kipindi kikishapita walikuwa hawana kingine cha kushika mkononi. Kwa sehemu moja alipiga picha zipatazo sitini au zaidi. Alifariki mwaka 1969 bila kujua kwamba vijipicha vyake vingekuwa dirisha pekee la kuchungulia kazi nzima. Shahidi wa tatu ni wa ajabu kidogo: wakaguzi wa Australia walikuwa wakikata vipande walivyoviona kuwa vya kutisha mno kwa watoto, na vipande hivyo vilipatikana mwaka 1996 katika hifadhi ya nyaraka ya nchi hiyo. Hivyo basi, katika Fury from the Deep unayoitaja, ambayo sehemu zake zote sita zimepotea, mojawapo ya mandhari chache tunazoweza kuzitazama kwa macho ni ile ya mabwana wawili, Oak na Quill, wakitoa pumzi yenye sumu, kwa sababu ndiyo iliyokatwa. Mkasi uliokusudiwa kuificha ndio ulioihifadhi.

Ugumu unaanza mahali ambapo hakuna anayesema. Mazungumzo humwongoza mchoraji, kwa kuwa hujua mdomo ufunguke lini na nani amgeukie nani. Lakini Patrick Troughton, aliyekuwa Daktari kuanzia 1966 hadi 1969, alikuwa mwigizaji wa uso. Alijibu swali kwa kuinua nyusi, alimdanganya adui kwa kujifanya amechanganyikiwa, aliingia chumbani kwa namna iliyokwisha kukueleza anachowaza. Utepe wa sauti unapofika hapo husikika hatua za miguu, kitu kikianguka, labda muziki, kisha sekunde ishirini zinapita. Picha za Cura zinaonyesha nukta mbili tatu katika sekunde hizo, na kilicho katikati ni lazima kibuniwe. Lugha yetu huita kazi hii uhuishaji, na kuhuisha ni kurudisha uhai. Mimi huona neno hilo linafaa zaidi kwa sekunde hizo za kimya kuliko kwa midomo inayosema, kwa sababu sauti ilikuwa hai tangu awali na kimya ndicho kilichokufa.

Mbinu zenyewe zimebadilika. Jaribio la kwanza lililouzwa kwa umma lilikuwa The Invasion mwaka 2006, ambapo studio ya Cosgrove Hall ilichora sehemu mbili tu, ya kwanza na ya nne, ili kuziba mapengo ya hadithi ya sehemu nane. Miaka kumi baadaye ikaja The Power of the Daleks, hadithi ya sehemu sita ambazo zote zimepotea, iliyotolewa kuanzia tarehe 5 Novemba 2016, miaka 50 kamili tangu siku iliporushwa mara ya kwanza. Katika kazi za namna hii mhusika huchorwa kwa vipande, kichwa peke yake, mkono peke yake, na kompyuta huvisogeza kama kikaragosi, kwa kuwa kuchora kila picha upya kwa mkono kungemaliza fedha kabla ya sehemu ya kwanza kwisha. Ndiyo maana mwendo wa miguu mara nyingi ni mzito na wahusika hupenda kuonyeshwa kuanzia kifuani kwenda juu. Ndiyo maana pia hadithi yenye wahusika wengi na mavazi ya kila namna hubaki nyuma ya foleni, kwani kila uso mpya ni kazi mpya. The Massacre, ya mwaka 1966, ambayo inatokea Paris mwaka 1572 na ambamo William Hartnell, Daktari wa kwanza, aliigiza wahusika wawili, haina hata picha za Cura. Tunamsikia Hartnell katika nafasi zote mbili na hatuwezi kuona alizitofautishaje. Hiyo, kwangu, ndiyo hasara inayouma kuliko zote 97.

Swali: Mimi napinga. Mwigizaji akishafariki, uhusika wake uachwe upumzike naye. Kumvika mtu mwingine nguo zake na kumwambia aige sauti yake ni kumkosea marehemu. Wewe unaona ni sawa?

Naheshimu uchungu ulio ndani ya barua yako, na kwa sehemu moja nakubaliana nawe. Hata hivyo naomba nitenganishe mambo mawili ambayo barua imeyachanganya, yaani kurithi uhusika na kumwiga mtu.

Hartnell alifariki mwaka 1975. Mwaka 1983 tamthilia ilipotimiza miaka ishirini, watayarishaji wa The Five Doctors walitaka Daktari wa kwanza awemo, wakampa nafasi hiyo Richard Hurndall. Tazama walivyofanya: kipindi kinafunguliwa na Hartnell mwenyewe, katika kipande cha mwaka 1964, akizungumza kwa sauti yake na uso wake, na baada ya hapo tu ndipo Hurndall anapotokea. Mwaka 2017, katika Twice Upon a Time, nafasi hiyohiyo alipewa David Bradley, ambaye mwaka 2013 alikuwa amemwigiza Hartnell mwenyewe, mtu na wala si Daktari, katika filamu ya televisheni kuhusu kuanzishwa kwa kipindi. Hapo tena mambo yanaanza na Hartnell katika picha za mwaka 1966, kisha uso wake unageuka polepole kuwa uso wa Bradley. Mara zote mbili mwenye nyumba alipita mbele, mgeni akafuata. Sijui namna ya heshima iliyo wazi kuliko hiyo.

Hurndall hakumfanana sana Hartnell, na hakujaribu kumfuata katika kila kikohozi. Alichukua ukali, kiburi cha mzee mwenye elimu, na ule wema unaojitokeza ghafla, akaviigiza kwa njia yake. Bradley alikaribia zaidi kwa umbo na sauti, na kazi yake naipenda. Kasoro ya kipindi cha 2017 iko kwenye maandishi, yaliyomlisha Daktari wa kwanza maneno ya dharau kwa wanawake kwa wingi usiolingana na tunavyomwona katika sehemu zake zilizobaki. Mwigizaji mrithi anaweza kufanya kila kitu vizuri na bado marehemu akaonewa na kalamu. Hapo ndipo ninapokubaliana nawe, na hapo ndipo lawama iende.

Katika michezo ya kusikiliza, ambako hakuna uso wa kulinganisha, urithi umechukua sura ya kifamilia. Kampuni ya Big Finish, ambayo imekuwa ikitoa michezo ya Doctor Who tangu 1999, ilimtumia kwa miaka mingi Frazer Hines, aliyeigiza pamoja na Troughton, kutoa sauti ya rafiki yake huyo aliyefariki mwaka 1987, na baadaye nafasi ikaenda kwa Michael Troughton, mwanawe. Sarah Jane Smith, uhusika wa Elisabeth Sladen aliyefariki mwaka 2011, sasa unasemwa na binti yake Sadie Miller. Mtu anaweza kudai kwamba damu haimfanyi mtu mwigizaji, na ni kweli. Lakini Hines na watoto hao walimjua mtu nyuma ya sauti, walijua alipumulia wapi katika sentensi na alicheka vipi, na hilo husikika. Anayeiga kutoka kwenye kanda tu mara nyingi hupata lafudhi akakosa fikra, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Swali: Kama katuni inafaa hivyo, kwa nini zile sehemu za Dad's Army ziliigizwa upya na watu wengine badala ya kuchorwa?

Kwa sababu kilichookoka kilikuwa tofauti. Dad's Army, vichekesho vya BBC kuhusu kikosi cha wazee na vijana waliojitolea kulinda pwani ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilirushwa kati ya 1968 na 1977, jumla ya sehemu 80, na tatu za msimu wa pili, wa mwaka 1969, hazijapatikana. Miswada yake iliyoandikwa na Jimmy Perry na David Croft ilikuwapo, ila si sehemu zote tatu ambazo sauti yake ya asili iliokoka. Bila sauti, mchoraji hana wa kumfuata. Atachora midomo ya Arthur Lowe, aliyemwigiza Kapteni Mainwaring, mkuu wa kikosi, na kuweka ndani yake sauti ya mtu mwingine, na huo, kwa maoni yangu, ungekuwa udanganyifu kuliko kuigiza upya waziwazi. Mwaka 2019 kituo cha Gold kikaigiza sehemu zote tatu, Kevin McNally akiwa Kapteni Mainwaring na Robert Bathurst akiwa Sajini Wilson. Vichekesho hivi viliandikwa kwa ajili ya watu wanaosubiriana, mmoja akinyamaza ili mwingine aanguke, na mwendo huo waigizaji wa nyama na damu huujenga wakiwa chumba kimoja.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, ipo nafasi adimu. Sauti ya A Stripe for Frazer ilikuwa imepatikana, na BBC ikaitolea katuni mwaka 2016. Miaka mitatu baadaye sehemu hiyohiyo ikaigizwa upya pamoja na nyingine mbili. Nimezitazama zote mbili mfululizo. Katika katuni, Lowe anapokasirika nilisahau mchoro na kumsikia yeye. Katika ile ya kuigizwa nilicheka zaidi. Kama mwenye uhusika ameacha sauti yake, mimi humtaka yeye kwanza hata kama mchoro ni mgumu. Kama hakuacha chochote ila maneno kwenye karatasi, maneno hayo yapewe watu walio hai wayaseme.

Swali: Nitazame toleo la rangi la katuni hizi au la nyeusi na nyeupe?

Nyeusi na nyeupe, pale ambapo matoleo yote mawili yapo. Vivuli vya studio za wakati ule vilipangwa kwa macho yasiyotarajia rangi, na sauti ya kanda ya zamani hukaa vizuri zaidi juu yake. Toleo la rangi halina dhambi. Mtoto wa miaka minane huenda akalihitaji ili akubali kukaa.

Swali: Nani alikuwa wa kwanza kurithi nafasi ya Daktari, na mtu mpya kama mimi aanzie wapi kutazama?

Maswali yako mawili yana jibu moja. Wa kwanza alikuwa Troughton, na alirithi wakati mwenye nafasi yu hai. Afya ya Hartnell ilikuwa imedhoofika, na badala ya kumaliza tamthilia, watayarishaji walibuni kwamba mwili wa Daktari unaweza kuchoka na kufanywa upya ukiwa na sura nyingine. Badiliko lilionyeshwa tarehe 29 Oktoba 1966, mwishoni mwa sehemu ya nne ya The Tenth Planet. Sehemu hiyo imepotea. Sekunde za badiliko lenyewe tunazo kwa sababu zilionyeshwa tena mwaka 1973 katika kipindi cha watoto cha Blue Peter. Sehemu iliyobaki ilichorwa mwaka 2013. Wiki iliyofuata, tarehe 5 Novemba 1966, ilianza The Power of the Daleks, ambayo nayo imepotea yote. Maana yake ni kwamba lile jaribio la kwanza kabisa la kuwashawishi watazamaji wamkubali mtu mwingine katika nafasi hii, jaribio ambalo warithi wote waliofuata wanasimama juu yake, leo halitazamiki kwa ukamilifu ila kwa uhuishaji.

Kabla ya kuitazama, jizoeze kwanza na The Faceless Ones ya mwaka 1967. Sehemu yake ya kwanza na ya tatu zimebaki katika filamu, lakini toleo la mwaka 2020 lilichora zote sita, kwa hiyo unaweza kumtazama Troughton mwenyewe kwa dakika 25 kisha ukatazama sehemu ileile ikiwa mchoro. Utaona mara moja ni nini kinachopotea kati ya uso na kalamu, na jicho lako litaanza kujazia lenyewe.

Kisha uende kwenye The Power of the Daleks, toleo la nyeusi na nyeupe. Katika sehemu ya kwanza marafiki wa Daktari, Ben na Polly, wanamwona mgeni akiinuka kutoka sakafuni. Anajaribu pete ya Daktari na pete haimkai kidoleni. Polly anaelekea kumwamini. Ben hataki kabisa, na mgeni mwenyewe hawasaidii, anajibu maswali kwa filimbi na kumtaja Daktari kana kwamba ni mtu mwingine. Mashaka ya Ben ndiyo yaliyokuwa mashaka ya kila mtazamaji nyumbani, na waandishi waliyaacha yaendelee bila kuharakisha kuyatuliza. Halafu Dalek, adui yake wa tangu zamani, anapofufuliwa na kuingizwa chumbani mbele ya watu waliojaa, jicho lake la chuma linazunguka, linawapita wote, na kusimama juu ya yule mgeni. Hajamwona mtu huyu hata mara moja, wala sura hii hajawahi kuiona, lakini amemjua.